Kadi ya Miaka Minne

Kwenye treni yetu ya asubuhi watu hawasemeshani, lakini Jumapili ya mtihani wa kanji, zile herufi za Kijapani, wazee wawili walianza kuongea kituo cha Shiojiri na hawakunyamaza tena. Bwana alikuwa mstaafu, ameshika kadi za karatasi zilizotungwa kwenye pete. Bibi alimzidi kama miaka ishirini, naye alikuwa na kadi zake ndani ya simu.

"Mimi kadi zangu zote nazipitia kila siku," bwana alisema. "Hiyo simu itakulemaza, mama."

"Unajichosha bure, bwana mdogo. Hapa nikikosea, herufi inarudi kesho. Nikipatia, inakaa muda mrefu zaidi ndipo irudi. Tazama neno hili, waridi." Akaliandika kwa kidole kiganjani, herufi mbili, mistari thelathini na miwili. Nilihesabu. Hakukosea hata mmoja.

Bwana akachungulia simu. "Imeandika ukibonyeza 'najua', itarudi baada ya miaka minne." Akakohoa. "Samahani, mama, una umri gani?"

"Themanini na saba."

Behewa zima likageukia milima ya dirishani, kana kwamba imeletwa leo.

"Basi bonyeza 'nimesahau'," bwana alisema taratibu. "Irudi kesho."

"Nimesahau nini? Si nimeandika unaona?"

"Nasema tu, kwa tahadhari."

"Wewe ndiye uchukue tahadhari. Unazipitia kila siku na bado unachungulia nyuma ya kadi."

Treni ikasimama Matsumoto. Bibi akabonyeza "najua", akatia simu mkobani na kuinuka.

"Ikirudi itanikuta," alisema.