Salimia Wote Waliomo Ndani ya Mabano

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi, waume na wake mliokula viporo jioni tulizokuwa darasani, wahitimu wenzangu, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: hamjambo nyote? Ningeweza kusema itifaki imezingatiwa, yakaisha. Lakini darasa letu la hesabu la watu wazima haliruki mtu, na aliyetufikisha hapo ni yule mama anayejificha nyuma ya joho safu ya pili. Ni mke wa kaka yangu, wifi yangu wa halali, kwa hiyo leo nina kibali cha kumsema hadharani.

Wifi anapika katika jiko la hospitali. Kila asubuhi anapeleka uji wodini, na kila asubuhi anatamani angekuwa anaingia mle kama muuguzi. Chuo cha uuguzi kilidai ufaulu wa hesabu. Alifanya mtihani akaanguka, akarudia akaanguka. Safari hii umri wa kupokelewa ulikuwa unamtupa mkono. Akianguka tena, sare ile angeishia kuiona kwa wenzake.

Ndipo mwalimu wetu alipotugawia tableti zenye programu ya daftari, tuandike kwa kalamu yake juu ya kioo, kisha akatoa amri iliyotuchefua: marufuku kufuta. Ukikosea, weka alama nyekundu, anza upya chini yake.

"Mwalimu," wifi akasema, "yaani aibu yangu niitunze kama picha ya harusi?"

"Itunze, mama. Tutaihitaji."

Ndugu zangu, nani kati yetu hakukua akificha makosa, akifuta hadi karatasi inatoboka? Wifi alinung'unika, lakini alitii. Jumamosi moja, tukijisomea kwangu, tuliiagiza programu ikusanye alama nyekundu zote mahali pamoja. Wifi akazipitia moja baada ya nyingine kwa kidole. Ghafla akapiga ukelele, nikadhani ameungua.

"Wifi! Ni lilelile! Sina makosa mengi, nina moja tu!"

Kweli tupu. Alama ya kutoa ikisimama nje ya mabano, humgeuzia alama kila aliyemo ndani: wa kujumlisha akawa wa kutoa, wa kutoa akawa wa kujumlisha. Yeye alimgeuza wa kwanza, wa pili akamwacha vilevile, kama mgeni anayempa mkono aliye mlangoni na kuwapita wengine sebuleni. Miaka yote alijiita mjinga, kumbe kilichompungukia ni salamu!

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nawaheshimu, lakini utaachaje kulirudia kosa ulilolifuta kabla hujalijua?

Tangu hapo, mabano yakitokea, darasa zima lilipaza sauti: "Salimia wote!" Siku ya mtihani nilikaa ubavuni mwake, nikaona midomo yake ikicheza. Maneno yale niliyajua. Na leo, Mheshimiwa, niruhusu nitangaze: wifi yangu amefaulu, na Jumatatu anaingia chuo cha uuguzi!

Mheshimiwa, asante. Mwalimu wetu, asante kwa kutunyima kifutio. Kaka, asante kwa kuvumilia viporo. Nanyi mliosimama nyuma tangu asubuhi, asanteni sana kwa kunisikiliza. Wifi, hebu nisahihishe: kuna niliyembakiza ndani ya mabano?