Mzee Nikodemo Mtewele, Fundi Aliyempelekea Mama Picha ya Mwanawe

Tarehe 30 Juni 2005, baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitatu ya kazi, Mzee Nikodemo Mtewele anakabidhi funguo za karakana ya hospitali yetu. Koleo hajakabidhi. Anasema ni yake binafsi, na sisi sote tuliikuta mkononi mwake, kwa hiyo hakuna wa kumbishia.

Alianza Machi 1971 akiwa mwangalizi wa jenereta, kijana wa Matembwe aliyemaliza darasa la nane. Miaka ya themanini, vipuri vilipoadimika, aliliendesha jenereta lile kwa mkanda wa trekta na maneno makali ya Kibena. Biashara ilipofunguliwa na maduka ya Makambako yakajaa vipuri vya kila namna, akawa tishio kwa wauzaji, maana kila beringi aliikwaruza kwa ukucha kwanza kuona kama si bandia. Kuna mwenye duka pale stendi ambaye akimwona tu anakuja, anapunguza bidhaa mezani.

Kompyuta alianza kujifunza akiwa na miaka hamsini na sita, kwa kidole kimoja, huku miwani imefungwa kwa uzi. Tulimcheka sana, na leo nakiri kwamba tulikosea.

Mwaka jana tulipewa kamera ya mtandao, tukaifunga katika chumba cha watoto njiti, ninakofanya kazi ya uuguzi, ili wanafunzi wa uuguzi wajifunze bila kujazana humo ndani. Wanafunzi wanne tu wakiifungua kwa pamoja, picha ilikwama, kwa sababu kamera ile ndogo ilimhudumia kila mmoja peke yake. Mzee akachukua kompyuta iliyokuwa imetupwa stoo, akaifanya seva. Seva ikawa inachota picha kwenye kamera mara moja tu, kisha inawagawia wote. Alisema ni kama kuweka tenki, ili watu wasigombee bomba moja.

Oktoba akaletwa Safina, mke wa dereva wa malori wa Makambako. Alijifungua kabla ya siku zake, na siku hiyohiyo akagundulika ana kifua kikuu. Yeye akapelekwa wodi ya kutengwa, mtoto akabaki kwangu, gramu elfu moja na mia mbili. Safina hakuamini kwamba mtoto yu hai. Akaacha kula, akaacha na dawa. Mzee Nikodemo, bila kuagizwa na mtu, akavuta waya hadi wodini, akaweka kompyuta kando ya kitanda chake. Safina alipomwona mwanawe anapumua, aliomba uji.

Siku ya tatu picha ikawa giza. Safina akalia kwamba mtoto amekufa na tunamficha. Mzee akapanda darini, akakagua waya wote, akafungua seva na kuifunga, asubuhi nzima. Hatimaye akaingia chumbani kwangu na kukuta kamera imefunikwa kanga. Mama yake Safina, Bi Maua, alikuwa ameketi chini yake kama mlinzi.

“Mtoto hajatimiza arobaini,” alisema Bi Maua, “nyie mnamwonesha kwa watu nisiowajua?”

Sisi tulicheka. Mzee hakucheka. Alivua kofia akamwomba radhi, kwa sababu ilikuwa kweli: wanafunzi ishirini walikuwa wakimtazama mtoto yule, na hakuna aliyekuwa amewauliza wenyewe. Akarudi kwenye seva, akawafungia wanafunzi wote, akaacha kompyuta moja tu ipokee picha. Kisha akamwongoza Bi Maua hadi dirisha la wodi ya kutengwa, akamwonesha ni nani anayeangalia. Bi Maua alisimama pale akimtazama binti yake, akafuta machozi, akarudi na kuiondoa kanga kwa mkono wake mwenyewe.

Safina alimaliza dawa zake. Mtoto wao, Issa, sasa anakaa bila kushikwa.

Wiki iliyopita Mzee alinikabidhi daftari la maelekezo ya seva. Kurasa kumi na mbili zinaeleza nyaya na maneno ya siri. Ya kumi na tatu ina sentensi moja: “Kabla hujawasha, kamwombe mama yake.”

Asante, Mzee wetu. Nenda Matembwe ukapumzike, na Mungu akujalie afya na siku nyingi za furaha. Hapa kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tutauliza.

Fidelia Mligo, muuguzi, chumba cha watoto njiti