Damu ya Chumvi na Mita ya Meza ya Saba

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe tena, na wale wa karibu na mlango wasiseme hawakusikia! Mimi ni Musyoka, mume wa Mwikali, yule anayecheka pale kwa kwaya hata kabla sijaanza. Nimeokoka, nampenda Yesu, na leo niko na furaha ya kubebwa na lori.

Ndugu zangu, nianze kwa kutubu. Miezi mitatu mizima niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu wa Ekalakala hawezi kusoma elektroniki. Ati kwa sababu kwetu tumekunywa maji ya kisima cha chumvi tangu utotoni, damu yetu imekolea chumvi, na chumvi inapitisha umeme. Kwa hivyo mtu wa kwetu akishika mita ya kupimia, umeme unaacha njia yake na kuingia kwa damu. Msicheke! Ushuhuda bado.

Wakati huo nilikuwa nashona nguo katika kiwanda kimoja kule EPZ, lile eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River. Miaka tisa nikishona kitu kimoja tu: mfuko wa nyuma wa suruali, upande wa kulia. Nimeshona mifuko ya kutosha mataifa yote ya dunia kuweka mikono! Na kila mashine ilipokwama, alikuja fundi, akafungua kifuniko, akagusa kitu kimoja, ikanguruma. Kisha anatembea kurudi kwao kama gavana. Nikasema, Bwana, hata mimi. Msimamizi wangu akaniambia, "Leta diploma, Musyoka, nikuhamishe kwa mafundi." Basi nikajiandikisha masomo ya jioni katika chuo kimoja hapa Machakos mjini.

Hesabu nilipita. Kuchora nilipita. Halafu nikakutana na somo linaitwa Utangulizi wa Elektroniki. Ndugu zangu, kama ule ni utangulizi, hitimisho lake ni ziwa la moto!

Maandishi nilipita kwa neema. Shida ilikuwa mtihani wa vitendo, pale meza ya saba. Unapewa rezista kumi. Rezista ni kijidude kidogo kama punje ya mchele chenye miguu miwili ya waya, na kazi yake ni kuuzuia umeme usipite kwa fujo. Unaipima kwa mita, unaandika namba. Basi! Zile za namba ndogo zilinikubali. Zile kubwa zilinikataa kabisa. Kitu ambacho mwalimu anajua ni milioni moja, mita yangu inasema laki tatu. Nikaanguka mara ya kwanza. Nikaanguka mara ya pili. Na sheria ya chuo ilikuwa wazi: ukianguka mara ya tatu, jina linafutwa, na yale yote uliyopita yanaenda nalo.

Siku ile ya kuanguka mara ya pili, Kioko, mwenzangu wa darasa kutoka Matuu, akaniuliza, "Boss, kwani wewe kwenu ni wapi?"

"Ekalakala."

"Ile ya maji ya chumvi? Haiya! Pole sana. Kulikuwa na mwingine wenu hapa, alitoroka. Hiyo damu yenu ni waya tu."

Nikaiangalia mikono yangu. Nikaona ni kweli!

Ndugu zangu, niliacha chumvi. Miezi mitatu nikala muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, bila chumvi, maharagwe bila chumvi, yai bila chumvi. Nikanywa maji ya mvua mpaka nikitembea tumbo linalia kama tangi. Mwikali akaniambia, "Baba Mutheu, hata ng'ombe wa baba yangu analambishwa chumvi." Sikusikia. Nikafunga. Nikaja hapa hapa mbele nikaomba damu yangu iombewe. Pastor akaninong'oneza, "Ni presha?" Nikamwambia, "Hapana, Pastor, ni chumvi." Aliniombea, lakini jicho moja alikuwa amelifungua.

Jumamosi moja kabla ya mtihani wa mwisho, nikaenda maabara kujaribu. Nikachukua rezista ile ya milioni moja, nikaibana na zile ncha mbili za chuma za mita, vidole huku na vidole huku, imara kabisa, vile tunavyobana kitambaa kule kiwandani kisiteleze. Vidole vilikuwa vimelowa kwa woga. Mita ikasema laki mbili. Laki mbili! Baada ya miezi mitatu ya mateso, nimezidi chumvi!

Hapo nilivunjika. Sifanyi mzaha sasa. Niliweka mita chini, nikasema, "Bwana, kama hutaki niwe fundi, niambie tu nirudi kwa mifuko." Nikalia, mwanaume mzima.

Na wakati ule ule akaingia Madam Ndunge, mama anayetunza vyombo vya maabara, amekuja kufunga mlango.

"Musyoka, unalilia mita?"

"Madam, naacha masomo. Ni damu."

"Damu gani?"

Nikamweleza yote, kutoka kisima mpaka yai. Akavuta kiti, akakaa. "Nionyeshe unavyoshika." Nikamwonyesha. Akachukua mita, akashika vile vile kama mimi. Mita ikasema laki tatu. Akaniangalia. "Mimi nimezaliwa hapa mjini, kwa maji ya mfereji. Kisima cha kwenu nimekinywa lini?" Ndipo akacheka mpaka funguo zikaanguka. Kisha akaniambia neno moja fupi. Nitawapa, msiinuke.

Siku ya mtihani nilipata kumi kwa kumi! Kioko alipata nane, na kwao Matuu ni maembe kila mahali, damu yake ni ya maembe matupu! Nilipomuuliza habari ya yule mtu wetu aliyetoroka, akashika kichwa: "Boss, kwani uliamini?" Nimemsamehe. Leo diploma iko ukutani kwangu, nami ndiye nafungua kifuniko na kutembea kama gavana. Na chumvi ilirudi mezani jioni ile ile. Mwikali ilibidi aninyang'anye mkebe.

Asanteni kanisa, mliombea damu isiyokuwa na shida. Mungu hakuyatupa maombi yenu. Aliyapeleka kwa vidole. Na wewe uliyeketi hapo, uliyeambiwa shida yako iko kwa damu, kwa ukoo, kwa kijiji ulikotoka, usiibebe miezi mitatu kama mimi. Mtumaini Mungu, halafu umwonyeshe mtu anayejua vile unavyoshika.

Nakaa chini na maneno ya Madam Ndunge: "Musyoka, hiki si kitambaa. Ukigusa ncha zote mbili za chuma kwa vidole, mita inakupima wewe pamoja na rezista, uwe wa Ekalakala, uwe wa wapi. Iweke mezani, utoe vidole."