Bi Sukari na Mnyoo Aliyeshiba Akagoma Kutaga

Tarehe thelathini mwezi huu Bi Sukari anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara yetu ya kichocho, na kila anachokijua kuhusu minyoo nilimfundisha mimi. Haya, msinikodolee macho, ni uongo. Mimi mfuga konokono tu, wale wanaolea minyoo ya kichocho, na shule niliiaga mapema. Nilichomfundisha ni kufunika ndoo, maana konokono ukimwacha wazi, utamkuta ukutani.

Jina hilo hakulipata kwa chai. Mtoto wa mnyoo akiwa majini ni bahili: anaichoma akiba yake kidogokidogo, kwa hewa, hapotezi kitu. Akishatoboa ngozi ya mtu na kuingia kwenye damu, huyo! Anafakamia sukari kama mgeni aliyealikwa peke yake, anaivunja nusunusu, mabaki anatupa. Kwa nini aliyetajirika asahau kuipika sukari ikaiva yote? Swali hilo lilimnyima Bi Sukari raha, nasi likatunyima Bi Sukari mezani wakati wa kula.

Kisha minyoo wakamwaibisha. Kwenye visahani vya maabara walikula, dume na jike wakakumbatiana, lakini jike akaacha kutaga. Na mayai ndiyo yanayomuumiza mgonjwa. Mkuu wa maabara akasema meza yake ya kazi atapewa mwingine. Bi Sukari akafanya kosa la mpishi aliyebanwa: akaongeza sukari. Wapi! Mimi nikamshauri alaumu dume. Akaniambia, mzee wangu, rudi kwenye ndoo zako.

Ndipo akaacha kuhesabu mayai, akamtazama mama mtu. Akawapaka majike rangi nyekundu inayoshika mafuta. Jike aliyetoka karibuni mwilini mwa panya wa maabara alijaa vitone vyekundu. Wa kisahanini alikuwa mweupe pe. Kumbe sukari ilimtosha kuishi na kushikilia, lakini kutaga kulitaka mafuta, nayo yalikuwa yamekwisha.

Mkuu alipokuja na futi kuipima meza, Bi Sukari alimkalisha kwenye hadubini. Alichungulia mpaka chai ikapoa, akaondoka bila futi. Meza ikabaki, na vijana wanaitumia kutafuta namna ya kumkatia mnyoo mafuta hayo.

Bi Sukari, asante kwa kututia udadisi hata sisi wa ndoo. Upumzike vyema, na afya isikuache. Ila kabla hujakabidhi ufunguo: siku ile uliniahidi nami nitaviona vile vitone, mkuu akaniwahi kiti. Niachie hadubini dakika moja tu, mwanangu. Mikono nitanawa.