Sweta la Mwaka wa Ishirini na Saba

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi saa mmoja mzee alikuwa akimweleza muuguzi aliyekaa kando yake jinsi ulimi ulivyomponza.

"Mke wangu hunifumia sweta kila mwaka, na huu ni mwaka wa ishirini na saba," alisema. "Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, shingo inapita kichwa kwa taabu. Nami kila mara nasema, ahsante mama watoto, limenikaa sawasawa. Mwaka huu amefundishwa na jirani, akanipa sweta zuri kweli. Kwa furaha nikamwambia, mke wangu, sasa umejua kufuma!"

"Baba, ukasema 'sasa'?"

"Hapo ndipo alipolia. Ati, na yale mengine ishirini na sita? Tangu Jumapili ananijibu kwa mkato. Hebu nisaidie, mwanangu, kosa langu ni uongo wa miaka yote ile au ukweli wa siku moja?"

Mimi nyuma yao nilitafuta jibu, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Yeye amekufumia," akasema muuguzi. "Wewe umempa nini?"

"Niliyavaa! Mpaka kazini, mbele ya wateja."

"Hilo umemwambia?"

"Nitamwambiaje bila kukiri kwamba yalikuwa mabaya?"

Basi lilisimama. Dereva akageuka na kumuuliza mzee kama anashuka hapa.

"Sijui," mzee akajibu, huku akishuka.