Anisia Aliyehudhuria Mara Nne

Risala ya Umoja wa Wanafunzi Wazazi, Idara ya Kiswahili, kwa Naibu Mkuu wa Chuo, siku ya kufungua chumba kipya cha kusomea, Gitega

Mgeni rasmi, Mama yetu Naibu Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Idara, walimu wetu, waume na wake zetu mliokubali kuacha kazi za Jumamosi, nanyi watoto mliowahi viti vya mbele kwa sababu mmeona kreti za soda: amani iwe kwenu, na asalaam aleikum.

MAKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa masomo ya Jumamosi tunakukaribisha kwa mikono miwili. Chumba hiki umekifungua saa nne kamili, na saa nne na robo mwenzetu Swabra alikuwa keshamlaza mtoto wake juu ya meza mpya. Utusamehe. Meza ni imara, tumeijaribu.

Sisi ni watu wazima na hatupendi kuzunguka, kwa hiyo tuseme mapema. Darasa letu lina watu thelathini na wanane, lakini leo tuko thelathini na saba. Mwenzetu Anisia, mwalimu wa shule ya msingi kule Giteranyi, amesimamishwa asifanye mtihani wa mwisho Jumamosi ijayo. Kamati unayoiongoza wewe itakaa Jumatatu kuamua juu yake. Mengine yote tutakayosema hapa ni njia ya kufika kwake.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka mitatu iliyopita tukiwa hamsini na wawili, walimu wa kazini wote, wengine kutoka Muyinga, wengine hapa Gitega na Ryansoro. Wengi wetu tulikulia Tanzania, kambini. Kiswahili tulikisoma huko, kwa viboko na kwa mapenzi. Tuliporudi nyumbani tukakuta somo limeingia shuleni na wa kulifundisha ni wachache, tukaambiwa: nyinyi mnakijua, haya, ingieni darasani. Tukaingia. Ila kujua lugha na kuifundisha ni mambo mawili, na aibu ya kuulizwa swali na mtoto wa miaka kumi na mbili ukabaki unafuta ubao uliokwisha kufutwa ndiyo iliyotuleta hapa.

Wenzetu wengine ni Waislamu wa mjini, watoto wa wafanyabiashara na mafundi, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya jikoni. Hao hutucheka sisi wa Tanzania. Swabra husema, "Nyinyi munaongea kama redio. Hata mukiomba chumvi ni kama munasoma habari." Tumemzoea. Nyumbani kwake ndiko wanawake wa Muyinga hulala kila Ijumaa wanaposhuka na gari la jioni, na Anisia, Mkristo wa kwaya, ana mkeka wake pale ambao hata mgeni wa Idi haruhusiwi kuukalia.

TULIYOYAFIKIA

Kati ya hamsini na wawili tumebaki thelathini na wanane, na hilo peke yake tunaliita mafanikio. Hakuna aliyeondoka kwa kushindwa masomo. Walioondoka waliondolewa na shamba, mimba, mzazi mgonjwa, au barabara.

Shuleni kwetu matokeo yanaonekana. Anisia alianzisha saa ya hadithi kule Giteranyi, na wazazi wa upande wa pili wa mpaka wa Tanzania wakawa wanasimamisha baiskeli nje ya dirisha kusikiliza. Husni, ambaye pia anafundisha madrasa hapa mjini, ametunga mchezo wa watoto ambao sasa unachezwa katika shule tatu. Na Ilyasi, mume wa Swabra, fundi viatu, ambaye hakujiandikisha popote, humleta mtoto kunyonya saa nne kila Jumamosi na kungoja chini ya dirisha letu. Naye keshajua ngeli kuliko baadhi yetu. Juzi alimsahihisha mteja. Mteja akaenda kwa fundi mwingine.

YANAYOTUTATIZA

Mgeni rasmi, mwaka huu ilitoka sheria kwamba kuhudhuria ni lazima, na anayekosa siku tatu bila ruhusa haingii mtihani. Hatuipingi sheria hiyo. Sisi wenyewe ni walimu. Tunawaandikia utoro watoto wanaobaki nyumbani wakati wa kupanda maharage, na baba zao wakija kulalamika tunawajibu kwa sauti nzito kuliko ya chuo.

Lakini tukuambie Jumamosi ya mwanafunzi mzazi ilivyo. Mtu wa Giteranyi anafundisha Ijumaa mpaka saa sita na nusu, anapanda baiskeli ya kukodi mpaka Muyinga mjini, anaanza kungoja gari. Mafuta yakikosekana, na yamekosekana sana, gari halipo. Hulala kwa ndugu akitumaini la alfajiri. La alfajiri likifika lina watu tisa na mbuzi. Akikosa hilo, amekosa siku. Nyumbani ameacha mtoto na homa, mume aliyenuna, au mke aliyechoka kusema "nenda tu" kwa namna ile ambayo maana yake tunaijua sote tuliooa.

Halafu kuna misiba. Hapa ndipo tunapofika kwa Anisia.

KIFUNGU AMBACHO HAKIKUPITA OFISINI

Risala hii ilikaguliwa ofisini wiki iliyopita, kama ilivyo desturi. Kifungu hiki hakikuwemo. Mkuu wa Idara, utusamehe, kosa hili si lako.

Jumamosi ya pili ya mwezi uliopita, Anisia alikuwa tayari amekosa siku mbili, zote kwa ajili ya gari. Alhamisi mama mkwe wake alifariki. Anisia ni mkamwana wa kwanza katika ukoo ule. Kwetu, mkamwana wa kwanza haondoki kwenye kilio. Yeye ndiye anayepokea wageni, anayejua nani kaleta nini, anayekaa na wafiwa siku zile ambazo nyumba haigusi jembe, mpaka maji ya msiba yamwagwe kumaliza matanga. Akiondoka kwenda Gitega kusoma vitenzi, hata akirudi na shahada mbili, hatasalimiwa.

Akafanya kama sheria inavyotaka. Alikwenda kwa shefu wa kolini, yaani mkuu wa kijiji chao, akaandikiwa barua ya ruhusa yenye muhuri, kwamba siku hiyo yuko msibani. Akaiweka vizuri ailete wiki inayofuata. Siku yake ingesamehewa, na leo tungekuwa tunakunywa soda.

Sisi barua hiyo hatukuijua. Tulijua tu kwamba ana siku mbili, hii ni ya tatu, na simu yake haipatikani.

Darasa letu ni refu, kwa hiyo karatasi za mahudhurio huwa mbili, moja inaanzia mbele na moja nyuma, na kila mtu huandika jina lake na kutia sahihi. Asubuhi ile Swabra alipata karatasi, akaangalia huku na huku, akaandika jina la Anisia. Hakumwambia mtu. Husni, mtu anayeswalisha watoto, alikuwa upande wa pili na karatasi nyingine, akaandika Anisia. Nuru, mdogo wetu kuliko wote, akamwandika na kumtilia sahihi yenye mikia mitatu ambayo mwenyewe hajawahi kuwa nayo. Na mtu wa nne akamwandika pia. Kila mmoja alidhani wengine ni waoga.

Mwalimu Jeska alihesabu vichwa akapata thelathini na saba. Akahesabu majina akapata arobaini na moja. Akahesabu tena kwa kidole. Kisha akasema, kwa upole wake ule tunaouogopa, "Naomba akina Anisia wasimame. Wote wanne."

Tulicheka, Mgeni rasmi. Tusikufiche. Tulicheka mpaka Mwalimu mwenyewe akageukia ubao. Baadaye karatasi zilikwenda ofisini, na huko hakuna aliyecheka.

Wiki iliyofuata Anisia akafika na barua yake. Ofisi ikaweka karatasi mbili mezani. Moja inasema siku hiyo alikuwa Giteranyi anazika. Nyingine inasema alikuwa Gitega darasani, tena mara nne. Akaambiwa: moja ya hizi ni ya uongo, na mpaka tujue ni ipi, wewe huna mtihani. Barua ya haki ya mama wa watu ikageuka kuwa ushahidi wa kumshtaki, na walioigeuza ni sisi tuliompenda.

Swabra alilia hapa hapa kwenye ngazi. Alisema, "Kumbe kila mutu iko na moyo! Mi nilizani niko peke yangu. Sasa tumemuua mwenzetu kwa huruma."

Anisia akaulizwa ni nani aliyemwandika. Miaka mitatu ametuazima madaftari. Mwandiko wa kila mmoja wetu anaujua kama anavyojua sauti za wanawe. Akajibu, "Sijui. Mimi nilikuwa kwenye kilio." Alipotoka alitukuta tumesimama uani, akatuambia neno moja tu: "Nilikuwa na barua, jamani. Nilikuwa na barua." Akaenda kutafuta gari.

Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Wiki zote hizo tumenyamaza. Sheria inasema anayemwandikia mwenzake huhesabiwa hakuwepo siku hiyo, bila ruhusa, na kila mmoja wetu alikuwa akipiga hesabu ya siku zake. Ni woga, Mgeni rasmi, hatuna jina jingine la kuuita. Mama mwenye msiba alituficha, nasi tukakubali kufichwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na sisi tumeona afadhali tujifichue wenyewe kabla ya Jumatatu.

MAOMBI

Tunaomba, kama uwezo upo, barua za misiba zipokelewe kwa simu siku ile ile, ili watu wa huruma wasipate nafasi ya kusaidia.

Tunaomba dakika kumi na tano saa nne kwa wanaonyonyesha, na kona ya chumba hiki yenye pazia. Ilyasi amesema pazia atashona yeye. Swabra anasema ashone viatu tu, pazia atashona mwenyewe.

Ombi la tatu ndilo tulilojia. Karatasi ya mahudhurio ya Jumamosi ile ni ya uongo, na barua ya Giteranyi ni ya kweli. Tunaomba Jumatatu kamati ijue hivyo, na Anisia aingie mtihani. Hatusemi asamehewe, kwa kuwa hana alilokosa. Sisi wanne tuadhibiwe kama sheria ilivyo.

Tumeleta majina kwa maandishi, kila mmoja kwa mkono wake. Swabra, ambaye hajawahi kukosa hata siku moja, sasa atakuwa na moja. Husni alikuwa na moja, atakuwa na mbili. Nuru vivyo hivyo. Wote wataingia mtihani.

Jana Swabra alinipigia simu. Akaniambia, "Kaka Longino, majina matatu yanatosha. Ile ya nne useme haijulikani. Nani atauliza?" Wenzangu wote walikubaliana naye, na hata sasa wananitazama nifunge hapa. Nimelifikiria hilo tangu Gashoho mpaka Gitega, na gari lilikwenda taratibu. Nikisema halijulikani, kamati itamwita Anisia na kumwuliza tena, naye atajibu tena kwamba hajui. Sitaki aulizwe tena.

Basi, kwa ruhusa yako, nitoke kwenye "sisi" kidogo. Jina la nne ni langu mimi, Longino, mwalimu wa Gashoho, delege, mwakilishi wa darasa hili, ninayekusomea. Siku mbili ninazo tayari: moja gari lilikwama Karusi, nyingine mke wangu alikuwa hospitali nami sikuomba ruhusa kwa sababu nilidhani nitawahi kurudi. Hii ni ya tatu. Mimi Jumamosi ijayo nitabaki nyumbani, na nikijaliwa nitarudia mwaka. Nina miaka arobaini na saba, nimerudia mengi.

Letisia, mama watoto, uko pale mstari wa pili na hili hukuwa unalijua. Nisamehe. Tutaongea nyumbani.

Mgeni rasmi, Mungu akurudishe salama kwako, akukutanishe na watu wako wakiwa wazima, na Jumatatu akae nanyi mezani. Walimu wetu awazidishie subira, maana sisi tutawahitaji bado. Walioko msibani awafute machozi. Barua ya Anisia, aliyorudishiwa na ofisi, ninayo hapa mfukoni, alinipa leo asubuhi kwa mkono wa dereva. Naomba nije nikukabidhi.

Ni sisi,
Umoja wa Wanafunzi Wazazi wa Gitega na Muyinga,
watu thelathini na wanane.