Fahali Mwekundu wa Auma: Maneno ya Wafugaji wa Kiyeyi kwa Mheshimiwa Maloba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Maloba, Mkurugenzi wa Mradi wa Maziwa Tele. Viongozi wa dini na wa serikali mliofuatana naye. Majirani zetu mliovuka mpaka kutoka upande wa Kenya. Wafugaji wenzetu: hamjambo, na kwa Kiteso, yoga noi.

Sisi wanachama wa Kikundi cha Wafugaji Majirani, Kiyeyi, tumemtuma katibu wetu, Akullo, atusomee maneno haya. Tumeyaweka kwa Kiswahili kwa sababu kikundi chetu kina Wajopadhola na Waiteso, na wengine wameolewa ng'ambo, na lugha nyingine yoyote ingeonekana inampendelea mtu.

KARIBU

Mheshimiwa, tunashukuru kwamba umefika. Ratiba ilisema asubuhi. Ng'ombe tuliowafunga hapa ili uwaone wamekwenda kunywa maji na kurudi, kwa hiyo ukiwaona wana tope miguuni, si uzembe wa mtu. Chakula kipo. Ni kuku.

TULIKOTOKA

Kabla ya mradi wako, tulifuga ng'ombe wadogo wa kienyeji, wenye nundu, kama walivyofuga baba zetu. Walilima, walilipa mahari, na walitoa maziwa kikombe kimoja. Kikombe chenyewe hakikuwa kikubwa. Hatukuona aibu mpaka ulipokuja kutueleza.

Ulisimama hapahapa, Mheshimiwa, ukatuletea fahali wa gredi, wa damu ya kigeni, mweusi kwa mweupe, mkubwa kuliko mlango wa kanisa letu. Tulikupigia makofi kwa moyo. Mwenyekiti wetu, Mzee Ekaju, alilia. Kisha ukataja sharti la mradi: kijiji kinachopokea fahali kihasi mafahali wake wote wa kienyeji, ili damu duni isirudi. Mzee Ekaju akasema, "Sharti ni dogo." Alianza na fahali wake mwenyewe.

Daktari wetu wa mifugo, Bwana Jonan, alipita boma kwa boma na koleo lake la kuhasi. Alifanya kazi yake vizuri. Kufikia Jumapili, Kiyeyi ilikuwa na maksai wengi na fahali mmoja. Kwa kukuenzi, fahali huyo tulimwita Maloba.

MAFANIKIO

Maloba alipewa banda la mabati wakati Mzee Ekaju mwenyewe analala chini ya nyasi. Alitundikiwa chandarua kwa ajili ya mbung'o. Alinyunyiziwa dawa ya kupe kila wiki, na dawa ilipokosekana, Mzee Ekaju na mkewe waliwatoa kupe kwa vidole. Alikula vizuri. Alipanda vizuri. Kijiji chote kilileta majike, na ndama waliozaliwa walikuwa warefu, wenye mabaka, wazuri wa kupiga picha. Tunajua ulizipata hizo picha, kwa sababu tuliziona kwenye kalenda ya mradi.

Maloba alifariki mvua zilipoanza. Ilikuwa ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe. Tezi zilimvimba chini ya masikio, akapandwa na homa, akapumua kwa shida, povu likamtoka puani. Bwana Jonan alimchoma sindano zote alizokuwa nazo. Tulimzika kwa heshima, na padre alipita, ingawa alisema amepita tu.

Tunaliweka hili kwenye mafanikio kwa sababu alikaa nasi muda mrefu kuliko fahali aliyepelekwa Nabuyoga.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni kwamba ndama wake walimfuata. Mkwe wa Mzee Ekaju, Atai, alikuwa amejifungua, na maziwa ya ng'ombe wake ndiyo yaliyokuwa uji wa mtoto. Ng'ombe wa kwetu hatoi maziwa bila ndama kusimama mbele yake. Ndama wa Atai alipokufa, maziwa yalikauka. Wa jirani yake akafa. Kupe ni walewale waliokuwepo tangu zamani, lakini ng'ombe wetu wadogo wa kienyeji waliugua wakasimama, na hawa warefu waliugua wakalala.

Changamoto ya pili ni kwamba majike yalilia kutaka dume, na dume hakuwepo. Tulikuwa tumetimiza sharti.

Hapa, Mheshimiwa, inabidi tukujulishe Mama Auma, aliyekaa pale nyuma mwenye kitenge cha kijani. Asubuhi Bwana Jonan alipokuwa anakuja na koleo, Auma alimfungua fahali wake mwekundu akaondoka naye. Alilala Busitema kwa jamaa zake, kisha akavuka mpaka kwa njia ya ng'ombe, siyo njia ya magari, mpaka kwa dada yake Apio, upande wa Busia ya Kenya.

Apio yuko hapa pia, na ametueleza walivyozungumza.

"Umemleta kuuza?"

"Hapana. Akae tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wale watu warudi kwao."

Hatutaki kusema kwamba Auma alijua jambo ambalo sisi hatukulijua. Tulipomuuliza, alisema fahali huyo alichaguliwa na marehemu mume wake, na kwamba yeye hakupenda kumsikia akilia. Basi. Mzee Ekaju alimsimamisha uanachama kwa kuvunja sharti, na Auma akaacha kuja kwenye mikutano, na hata kanisani akawa anakaa upande mwingine.

Aliyejua ni Bwana Jonan. Alikwenda ng'ambo kwenye harusi ya shemeji yake, akawaona ndama wekundu wa Apio malishoni. Walikuwa na kupe. Walikuwa na afya. Akaulizauliza pale harusini mpaka wenyeji wakadhani anatafuta mahari. Aliambiwa kwamba wengi waliugua, na karibu wote waliinuka. Akarudi kwetu akasema, "Msichague ng'ombe kwa urefu. Chagueni yule aliyeugua akapona, na ambaye watoto wake pia wanaugua wanapona. Kinga hiyo inarithiwa. Na fahali mnayemtaka mlimfukuza."

Siku iliyofuata Mzee Ekaju alivaa koti, akamfunga kamba mtamba wake wa mwisho, akaenda kwa Auma. Wengi wetu tulifuata kwa mbali, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kumwona Mzee Ekaju akiomba.

Auma alikuwa anaanua mtama.

"Mama Auma, nimekuja."

"Karibu, Mwenyekiti. Umekuja kuhasi?"

"Nimekuja na ng'ombe."

"Namwona."

"Nataka fahali yako arudi."

"Fahali yangu ana damu duni."

Mzee Ekaju akasema, "Mtoto wa Atai nakunywa uji ya maji. Mimi ndiyo nilisema sharti ni dogo."

Auma aliendelea kuanua mtama mpaka ukaisha. Halafu akaingia ndani akatoka na viatu vya safari, akasema, "Mtamba wako abaki hapa. Amechoka kuliko wewe."

Fahali alirudi kwa njia ileile. Huyo hapo, Mheshimiwa, mwenye kamba ya bluu. Tunaona ulidhani ni ndama.

Mtamba wa Mzee Ekaju alizaa jike. Msimu uliopita jike hilo lilipata ndigana kali, na mzee alikaa nalo bandani mchana kutwa, akiwa amelishika kichwa. Atai alimletea chakula akakirudisha. Jioni lilisimama likaenda kula majani ya ua wa jirani. Mzee alimwomba jirani msamaha, kisha akalala mpaka kesho yake mchana. Leo mtoto wa Atai anakunywa maziwa. Ni kikombe kimoja, na Atai hakilalamikii.

Sasa tunachagua. Ndama akizaliwa tunajua mama yake, tunajua baba yake, na tunangoja kupe wamjaribu. Anayeanguka tunamtibu, lakini hatumzalishi. Majirani wa ng'ambo wanafanya hivyo pia, na tunabadilishana mafahali ili mtoto asimpande mama yake. Bwana Jonan anasema kwamba baadaye tunaweza kuchanganya na damu ya gredi kidogokidogo, ili kikombe kiongezeke bila banda kugeuka hospitali. Tunamwamini.

MAOMBI

Mheshimiwa, maombi yetu siyo makubwa.

Tunaomba sharti la kuhasi liondolewe. Kipaza sauti cha mradi kilipita juzi kikitangaza kwamba kampeni itarudiwa baada ya sherehe hii. Tumeona koleo jipya kwenye gari la pili.

Tunaomba alama za masikio, ili tusiwe tunabishana ndama ni wa nani. Tunaomba na josho. Hata mwenye kinga hapendi kupe.

Tunaomba Bwana Jonan aachwe hapa. Fahali mwekundu aliporudi, Bwana Jonan alitumwa na mradi aje kumhasi. Alikuja, akamtazama, akaomba chai, akanywa, akarudisha koleo ofisini. Sasa tunasikia anahamishiwa mahali ambako hakuna ng'ombe. Hatujaambiwa sababu, na hatubahatishi. Tunasema tu kwamba yeye ndiye aliyetuhasia mafahali wetu, na yeye ndiye aliyerudi kutuambia tulikosea. Watu wa namna hiyo hatuna wengi.

Ombi la mwisho linahusu lori lililosimama nyuma ya hema. Tumemwona aliyemo. Ni mzuri sana, mweusi kwa mweupe, na tunajua amepigwa jua tangu mlipotoka mjini kwa sababu wanachama wamekwenda kumtazama mmoja mmoja. Anahema. Mama Auma amempelekea ndoo ya maji, na Mzee Ekaju amekata matawi kumwekea kivuli. Hatukatai zawadi, Mheshimiwa, na hatusahau kwamba ulitukumbuka. Tunaomba tu asishushwe. Kupe wetu wako kwenye nyasi hizi, na yeye hajakosea chochote.

Mungu akulipe kwa kutusikiliza. Awape mvua wa upande huu na wa upande ule. Na akufikishe nyumbani salama kabla ya giza, wewe na wote uliokuja nao, wa miguu miwili na wa miguu minne.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafugaji Majirani, Kiyeyi.